Katoni Nne za Safari

Kitu kilicho ndani ya katoni ambayo hairuhusiwi kufunguliwa, kipo au hakipo?

Niliulizwa swali hilo asubuhi moja katika duka letu la mtaa wa Hai Cinema, Juba, na mwanamke aliyekuwa amekalia katoni yenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kisu mkononi. Nilikuwa na shahada ya biashara kutoka Kampala, nilikuwa na daftari kwapani, na sikuwa na jibu.

Mama yangu aliuza vipuri: beringi, mikanda, sili za pampu, plagi, vichujio vya jenereta. Alianza na meza moja sokoni Arua, tulipokuwa wakimbizi Uganda, akiuza plagi za pikipiki. Tuliporudi Juba akapata chumba mtaa wa Malakia. Kisha, vita vikiwa vimeshaanza na wenzake wakifunga milango, akafungua duka la pili Hai Cinema. Mimi nilikuwa bado chuoni. Watu walidhani amechanganyikiwa. Nilipomuuliza kwa simu mtaji ameupata wapi, alijibu, "Kwa Mungu." Jibu hilo halikunitosha, lakini kwa mama yangu ukishafika kwa Mungu ndiyo mwisho wa njia.

Niliporudi nikaona kwamba hakuchanganyikiwa hata kidogo. Mji usio na umeme wa kutegemea unaishi kwa jenereta, kwa pampu na kwa mashine za kusaga unga, na hakuna mashine isiyovunjika. Vita havikupunguza idadi ya mashine zilizovunjika. Waliokimbia waliacha wateja wao nyuma, na wateja wakaja kwetu.

Tatizo lilikuwa kwamba mama alikuwa na kichwa kimoja na maduka mawili. Malakia alijua kila beringi ilipo, angeweza kuitoa rafuni macho yamefumbwa. Hai Cinema hakuwa na macho. Mteja aliambiwa Malakia kwamba mkanda wa namba fulani umekwisha, na kumbe Hai Cinema mikanda kumi ilikuwa inajaa vumbi. Tuliagiza Kampala vitu tulivyokuwa navyo tayari, lori likasubiri msafara mpakani Nimule siku tisa, na likafika bila vile tulivyokosa. Kila mara mama alisema ni shetani. Mimi nilisema ni karatasi. Hatukuwa na karatasi.

Na kulikuwa na Baba Mkubwa. Yeye ni kaka yake marehemu baba, aliishi Arua, na kiwanja cha Hai Cinema kilikuwa kwa jina lake. Kila alipopiga simu alirudia yale yale: maduka mawili ya mwanamke mmoja, tena kwenye vita, ni mchezo, afunge moja, mali ipelekwe Arua. Mwisho akatoa neno. Mvua zikiisha angekuja kukagua mwenyewe. Akikuta vurugu, angefunga Hai Cinema siku hiyo hiyo, apakie kila kitu, na mimi nipande lori hilo hilo. Ningekaa nyumbani kwake Arua, nikisaidia kupika, mpaka apatikane mtu wa kuja kuniposa.

Nilimwambia mama kwamba lori hilo sitalipanda hata wanibebe kama gunia.

"Basi fanya kitu," alisema mama. "Wewe si umesoma?"

Chuoni nilifundishwa programu za kompyuta za kufuatilia bidhaa. Kompyuta yangu ilidumu wiki mbili. Tuliuza vipuri vya jenereta za watu, lakini jenereta yetu wenyewe haikuwa na dizeli ya kuchaji betri ya kompyuta. Nikaiweka kompyuta sandukuni, nikachukua makasi, nikakata katoni tupu kuwa kadi za ukubwa wa kiganja. Kila bidhaa ilipata kadi yake, ikaning'inia kwa uzi kwenye msumari pale pale rafuni. Juu ya kadi, jina na namba. Chini yake, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sheria ilikuwa moja tu: mkono hautoi kitu rafuni kabla haujagusa kadi. Saa kumi jioni, kabla watu hawajaanza kukimbilia nyumbani kwa sababu ya amri ya kutotoka nje, duka la Hai Cinema lingenipigia simu Malakia na kunisomea kadi zote, nami ningeandika kwenye daftari langu. Mtandao ukikatika, ningekwenda kwa miguu.

Mama alizitazama kadi zinavyoning'inia. "Duka limeota masikio," akasema.

Aliyesimamia Hai Cinema tulimwita Anti, ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Yeye na mama waliuza meza kwa meza Arua, mama plagi, yeye maandazi. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na haraka na chochote duniani. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha Uganda kilichochanganywa na Kiarabu cha Juba, na mimi aliniita Ustaza, yaani mwalimu, kwa sauti ya mtu anayemvulia kofia mbuzi.

"Ustaza, leo mkanda iko saba. Plagi iko ishirini na moja. Sili ya pampu, mafi."

Mafi. Hakuna. Juba nzima hutumia neno hilo: mafi maji, mafi mtandao, mafi barabara. Kila aliposema mafi niliandika sifuri, na kwa wiki tatu kadi na rafu vilikubaliana. Niliringa. Nilitembea Malakia kama mtu aliyevumbua kuhesabu.

Kisha nikaona kitu. Nilikuwa Hai Cinema nikibadilisha uzi wa kadi zilizochakaa, na nyuma ya kaunta, ukutani kabisa, niliona katoni nne zimepangwa juu ya mbao, zimefungwa kwa utepe, ubavuni zimepigwa chapa: beringi, 6205. Hiyo ndiyo beringi inayovunjika kuliko zote, ya mashine za kusaga. Na Anti alikuwa ananisomea kwa simu, kila siku ya Mungu, "Beringi ya mashine, mafi."

Nilimuuliza. Akasema, "Hiyo ni ya safari," akaendelea kupanga plagi.

Nilidhani ni za mteja anayesafiri. Nikaliacha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na si kawaida yangu kuacha swali.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja wa Hai Jalaba aliingia duka la Malakia akiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Alikuwa na mashine ya kusaga, na beringi zake mbili zilikuwa zimepasuka asubuhi hiyo. Alisema ameacha foleni ya wanawake na mabeseni yao mlangoni, na wanamtukana mama yake mzazi. Malakia hatukuwa nazo. Nikasema, twende Hai Cinema.

"Mafi," alisema Anti tulipoingia.

Nikaonyesha katoni kwa kidole.

"Eh. Hiyo iko. Lakini mafi."

"Anti, iko au mafi? Chagua moja."

"Hiyo ni ya safari, Ustaza. Haifunguliwi."

Nikachukua kisu cha kukatia utepe pale kaunta. Anti, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akifanya haraka, alifika kwenye katoni kabla yangu. Alikaa juu yake, akatandaza sketi yake vizuri pande zote mbili, kama mtu aliyefika kanisani mapema.

"Kata," alisema. "Lakini utaanza na mimi."

Mwanamke wa mashine alicheka mpaka unga ukamdondoka. "Ninyi watu munauza ama munacheza? Mimi iko na watu kwa mlango!"

"Nijibu, wewe umesoma," Anti aliniambia. "Kitu iko ndani ya katoni, na katoni haifunguliwi. Hiyo kitu iko, ama haiko?"

Nilifungua mdomo. Nilikumbuka kozi nzima ya muhula wa tano. Nilifunga mdomo.

Mama aliitwa kwa simu, akaja kwa bodaboda, hata hakunitazama. Alimshika yule mwanamke mkono, akavuka naye barabara hadi kwa mshindani wetu, mfanyabiashara tuliyekuwa hatusalimiani naye, akamnunulia beringi mbili kule na kumpa kwa bei yetu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Tuliporudi Malakia sikusubiri hata akae.

"Katoni nne, Mama! Mji mzima unazitafuta! Za safari ya nani?"

"Yetu."

Ndipo nikaambiwa. Ukoo wetu ulikimbia mara mbili kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza bibi yangu alifika mpakani akiwa ameshika mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe ilibaki jikoni. Mara ya pili hawakuwa hata na mfuniko. Tuliporudi Juba, Baba Mkubwa aliweka sharti. Asiyekuwa na kitu kilichofungwa tayari, cha kupakia kwa dakika tano, cha kuanzia maisha upande wa pili, harudi Juba. Mama alikubali. Katoni za safari hazifunguliwi ila siku ya kukimbia. Hazihesabiwi, haziuzwi, hazikopeshwi.

"Na wewe unaamini hivyo?" nilimuuliza.

"Mimi niliahidi."

"Sikuuliza uliahidi nini. Tunauza au tunakimbia? Mtu hawezi kufungua duka mguu mmoja ukiwa kwenye lori."

Mama alinitazama kwa uso ambao nilidhani ni hasira. Kisha akasema polepole, "Andika unavyotaka, binti yangu. Usifungue tu."

Basi niliandika. Kampala nilikaa hosteli moja na msichana wa Pwani ambaye Kiswahili changu kilimuuma masikio. Kila kitu kwangu kilikuwa hakuna. Yeye alinifundisha kwamba kwao kuna neno hapana, la mahali hapa hapa. Kuna hakuna, huko kwa jumla. Na kuna hamna, mle ndani. Alikuwa akigonga sufuria na kijiko: "Hamna! Hamna wali humu!" Wakati ule niliona ni anasa ya watu waliokulia mahali pamoja. Sasa nilipiga mistari mipya kwenye daftari. Hapa, yaani Malakia. Kule, Hai Cinema rafuni. Na safu ya tatu, Ndani, kwa vilivyofungwa. Vya Ndani haviuzwi, lakini vinajulikana. Kama kipo, kinaandikwa. Sikukubali kuwe na kitu katika maduka yale ambacho kadi haikijui, hata kama Baba Mkubwa na bibi yangu na mfuniko wake wangesimama mlangoni.

Nikakata kadi moja kubwa, nikaandika beringi 6205, katoni nne, zimefungwa, nikaitundika juu ya katoni.

Jioni hiyo Anti alisoma kadi zote. Alipofika mwisho nikamuuliza, "Na Ndani?"

"Ndani, mafi."

"Anti, kadi iko mbele yako. Inasema nne."

"Kadi umeandika wewe. Mimi nakuambia, ndani, mafi."

Ikawa hivyo kila siku. Yeye alisema mafi, mimi niliandika nne. Nilidhani ni ukaidi wa mtu asiyetaka kujifunza kitu kipya, na nilijisifu kwamba ukaidi wangu umeuzidi wake. Mambo mengine yote yalinyooka. Hatukuagiza tena tulichokuwa nacho. Mkanda uliokosekana Malakia ulivuka mji kwa bodaboda ndani ya nusu saa. Mwanamke wa mashine alirudi, akanitazama nikigusa kadi kabla ya kutoa mkanda wake, akauliza kama ni dua.

Mvua ziliisha. Wiki moja baadaye milio ya bunduki ilisikika upande wa magharibi kwa siku mbili. Tulifunga, tukalala sakafuni, tukafungua tena. Siku ya nne baada ya hapo Baba Mkubwa alishuka kutoka kwenye gari la Nimule. Lori alilolikodi lilifuata nyuma yake, tupu, likasimama mbele ya duka la Hai Cinema na injini ikinguruma. Hakutaka izimwe. Ilikuwa njia yake ya kusema.

"Shemeji, karibu, pumzika kwanza," alisema mama.

"Nitapumzika Arua."

Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta, daftari mbele yangu. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Chagua kadi yoyote."

"Nini?"

"Umekuja kuona vurugu. Chagua kadi yoyote, uhesabu mwenyewe. Ukikuta moja imedanganya, nitapanda lori lako bila kupigwa."

Baba Mkubwa alivua kofia, akanitazama kama anayetafuta kwa nani nimetoa mdomo ule. Kisha akachagua. Mikanda: kadini kumi na tatu, rafuni kumi na tatu. Plagi: akahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alipoteza hesabu, akakuta mimi ndiye sahihi. Sili, vichujio, nati zile ndogo ambazo nilijua atazichagua kwa ubaya. Saa nzima. Jasho lilimtoka. Dereva wa lori alizima injini mwenyewe, mafuta yalikuwa shida.

Mwisho akafika ukutani. Alisoma kadi kubwa.

"Za safari," alisema, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Zote nne?"

"Zote nne," nikasema.

Akamgeukia Anti. "Ni kweli?"

Anti alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kufutwa. "Ustaza ameandika," alijibu.

Baba Mkubwa alipiga goti, akajaribu kuinua ya juu. Iliinuka kidogo tu, akaiachia kwa mguno. Beringi ni chuma. Akaonekana ameridhika, lakini mkono wake ukaingia mfukoni ukatoka na kisu kidogo. "Nione hali yake. Kutu huingia."

"Fungua!" nikasema. Miezi yote ile Anti amesema mafi, na sasa mzee mwenyewe angekata utepe na kadi yangu ingeonekana mbele ya wote. "Fungua, Baba Mkubwa, uhesabu hata za ndani!"

Mama alinikanyaga. Hakugusa mguu wangu kwa bahati mbaya. Alikanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote, huku uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri.

"Shemeji," alisema. "Sharti ni lako. Zinafunguliwa siku ya kukimbia. Ukikata utepe leo, basi ni leo. Sema, nikakusanye watoto wa jirani na wangu, twende. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako, kwamba Juba imeisha. Watu wote wa mtaa huu wanakutazama."

Na kweli walikuwa wanatazama. Lori tupu huleta watu. Wanawake wawili walikuwa mlangoni, na fundi wa pampu wa jirani alikuwa ameshaacha kazi yake.

Kisu kilibaki hewani. Kisha kikarudi mfukoni.

"Duka libaki," alisema Baba Mkubwa akivaa kofia. "Mtoto huyu aendelee na makaratasi yake."

Lori lilirudi Nimule tupu. Nilichechemea siku tatu, na siku zote tatu nilikuwa nimekasirika. Niliona mama ameniibia ushindi wangu kwa ajili ya miiko ya kizamani. Duka tulilipata, lakini kadi yangu moja haikupata kuthibitishwa. Nilimwambia hivyo. Alinipaka mafuta ya moto mguuni.

Tulibaki. Tulibaki mapigano yaliporudi mjini, na yalipopita. Tulipoteza mlango mmoja na rafu mbili, na kadi nilikata upya. Anti aliendelea kusema mafi, na mimi niliendelea kuandika nne. Leo maduka ni matatu, kompyuta ina umeme wa jua, na kwenye programu yangu bado kuna safu tatu za Hapa, Kule na Ndani. Vijana wanaonijia na programu za kununua huniuliza kwa nini. Nawaambia wauze kwingine.

Baba Mkubwa alifariki Arua miaka mingi baada ya hayo yote. Mama alirudi kutoka mazishini, akavua viatu, akanipa kisu cha kaunta. "Sasa kata," alisema. Anti, aliyekuwa ameshastaafu na alikuja tu kunywa chai, alivuta kiti karibu.

Nilikata. Ndani ya katoni ya kwanza kulikuwa na matofali ya kuchoma, yamefungwa moja moja kwa karatasi za gazeti ili yasigongane. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne.

"Mafi," alisema Anti, akakoroga sukari.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo.

"Wewe ungeandika," alisema.

Nilikunjua karatasi moja, nikatafuta tarehe. Lilikuwa gazeti la mwezi ule ule ambao mama alifungua duka la Hai Cinema, mimi nikiwa bado chuoni Kampala: beringi za katoni zote nne alikuwa ameziuza kwa wenye mashine za kusaga, na kwa pesa hizo alinunua mabati, mlango na rafu za duka.